Mshauri bora ana madaftari mawili, si moja

ILIKUWA Alhamisi jioni, mwaka 2009, na mama aliyeketi mbele yangu alikuwa mteja wa sita siku hiyo. Alikuwa amefiwa na mtoto. Hiki kilikuwa kikao chetu cha tatu.

Nilimwangalia kwa upole, upole ule tuliofundishwa chuoni, nikamuuliza hali ilivyokuwa nyumbani tangu kifungua mimba wake alipoaga dunia.

Mama alinyamaza. Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi kwa nduguye akafunguliwa na mgeni.

"Kifungua mimba wangu yuko hai, mwalimu," akasema polepole. "Tuliyemzika ni kitinda mimba."

Niliomba radhi. Naye, kwa adabu za watu wa rika lake, akaipokea, akakaa hadi saa yetu ilipokwisha, akalipa, akachukua kiondo chake na kwenda zake. Hakurudi tena.

Wengi wa wateja wangu huniita mwalimu kwa sababu nilishika chaki miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya ushauri nasaha. Na ili nisije nikamwaga siri katika makala yanayohusu kutunza siri, nimeyabadilisha mambo ya mama huyo kiasi kwamba hata yeye akilisoma gazeti hili hatajitambua. Kosa langu tu ndilo nililoliacha lilivyokuwa.

Je, msomaji, unadhani kosa hilo lilitokana na nini? Si kukosa huruma, maana huruma nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni daftari. Siku hizo nilijisifu kwamba mambo yote ya wateja wangu nimeyahifadhi kichwani. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nami nilidhani walikuwa wakiwaambia wenye maduka.

Jambo hili haliwahusu washauri wachache wenye ofisi mjini pekee. Kazi hii imepanuka mno humu nchini. Baada ya bomu kulipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mnamo Agosti 7, 1998, na zaidi ya watu 200 kuangamia, Wakenya wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba hata aliyenusurika bila jeraha mwilini anaweza kuhitaji matibabu. Kisha vikaja vituo vya kupima virusi vya Ukimwi kwa hiari, ambako hupimwi kabla ya kuzungumza na mshauri. Mwaka 2001 kiboko kikapigwa marufuku shuleni, na mwalimu wa ushauri na uelekezaji akatwikwa mzigo uliokuwa ukibebwa na fimbo. Mwaka 2014 ikapatikana Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia.

Leo yamkini katika ukoo wako yuko mtu mmoja anayeketi na watu kusikiliza shida zao, awe mwalimu, muuguzi, mhubiri au mtaalamu mwenye cheti ukutani. Muulize anaandika wapi anayoyasikia, na anajifunza vipi kutokana nayo. Wengi watakujibu kwamba uzoefu ndio mwalimu wao.

Miaka mingi si elimu

Hapo ndipo penye kasoro. Tunasema kuishi kwingi ni kuona mengi, na ni kweli. Lakini kuona si kujifunza.

Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia washauri na wanasaikolojia 170 waliokuwa wamewahudumia wateja zaidi ya 6,500. Wengine walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Ungetarajia kwamba mshauri wa mwaka wa kumi angewasaidia watu kuliko alivyowasaidia mwaka wa kwanza. Wapi! Kwa wastani matokeo yalishuka, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Wako walioboreka, lakini hawakuboreshwa na kalenda.

Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2005, ulinikosesha usingizi. Washauri waliombwa kubashiri ni wateja gani kati ya 550 ambao hali yao ingezidi kuwa mbaya. Waliwataja watatu. Walioharibikiwa walikuwa 40. Na katika wale watatu waliotajwa, aliyebashiriwa sawasawa alikuwa mmoja tu.

Sababu si ngumu kuielewa. Fundi cherehani akikata kitambaa vibaya, mkono wa shati humwonyesha kosa lake jioni ile ile. Mpishi akizidisha chumvi, nyuso za wageni humwambia. Mshauri hana bahati hiyo. Mteja ambaye hakusaidika hapigi kelele wala hadai pesa zake. Haonekani tena, basi, nawe unajiambia kwamba huenda alipona, au labda alihamia mji mwingine. Mimi nilijiambia hivyo mara nyingi kabla ya yule mama kunifungua macho.

Kwa hivyo mshauri asipojitengenezea njia ya kuyaona makosa yake, atayarudia miaka thelathini na kuyaita tajriba.

Daftari la kwanza ni la mteja

Nasema madaftari mawili kwa sababu kazi ni mbili, na anayezichanganya huharibu zote.

La kwanza ni faili la mteja. Humo naandika tarehe, lililomleta, tuliyoyazungumza kwa ufupi, hatari yoyote niliyoiona, tuliyokubaliana, na tutakapoanzia safari ijayo. Majina ya watu wake wa karibu yamo, na aliyefariki amewekewa alama. Faili hilo halihitaji ufasaha. Linahitaji kusomwa dakika tano kabla ya mlango kufunguliwa, kila mara, hata kama unaamini unamkumbuka mtu huyo vizuri. Hasa ukiamini hivyo.

Linaandikwa lini? Si wakati mteja anazungumza. Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna, aliwashauri wenzake mwaka 1912 wasiandike mbele ya mgonjwa, bali wangojee jioni baada ya kazi, kwa kuwa anayeandika huanza kuchagua la kusikia na la kuacha. Sikubaliani na mengi ya Freud, lakini katika hili alisema kweli. Nimeona mwenyewe jinsi mteja anavyoitazama kalamu. Ikienda mbio, huongeza chumvi pale pale. Ikisimama, hudhani amesema upuuzi.

Hata hivyo jioni ni mbali mno kwa mtu mwenye wateja sita. Mimi huwa na kikao cha dakika hamsini, na zile kumi zinazobaki katika saa ni za faili. Simpokei mwingine, sipokei simu, wala sinywi chai kabla ya kuandika.

Kumbuka pia kwamba faili hilo si lako peke yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zenye makosa zirekebishwe. Sheria hiyo inaziweka hali ya afya ya mtu, na hata majina ya watoto wake, wazazi wake na mwenzi wake wa ndoa, katika fungu la habari nyeti. Basi andika kana kwamba mteja ameketi ubavuni pako akisoma. Maneno kama "mkaidi" au "mama anayejipendekeza" hayana nafasi humo.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi niliogopa kuliandika kwa miaka mingi, nalo ni mteja kutaka kujitoa uhai. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, nami nilihofia faili langu lisije likageuzwa ushahidi dhidi ya mtu aliyekuja kuomba msaada. Nilitumia mafumbo ambayo, wiki mbili baadaye, hata mimi sikuyaelewa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Siku hizi naandika waziwazi: alisema nini, ana mpango gani, nani nyumbani anajua, na tulikubaliana afanye nini usiku ule. Katika faili zima, hakuna mistari inayostahili kuandikwa kwa makini kuliko hiyo.

Daftari la pili ni lako

Daftari la pili halimhusu mteja. Linamhusu mshauri. Hili ndilo la kujifunzia, na hili ndilo ambalo wengi wetu hatunalo.

Langu ni daftari la kawaida la kurasa 200, la aina wanayonunuliwa watoto wa shule. Jioni, kabla ya kushika njia ya kwenda nyumbani, naandika mambo matatu tu: lililonishangaza leo, nililofanya wakati huo, na ambalo ningejaribu kama saa ile ingerudi. Siku nyingine huwa mistari minne, siku nyingine ukurasa mzima. Ikiwa hakuna lililonishangaza, naandika hivyo, nami hujishuku.

Ukurasa mmoja unasema hivi: "Leo mtu alianza kulia nami nikampa leso ya karatasi upesi. Akapangusa machozi, akaomba msamaha, akabadilisha mazungumzo. Nilidhani namhurumia. Kumbe nilikuwa namwambia anyamaze. Kilio chake kilifanana na cha dada yangu." Ukiangalia vizuri utaona kwamba hujaambiwa lolote kuhusu aliyelia, wala hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Umeambiwa mengi kunihusu mimi.

Ndivyo linavyopaswa kuwa. Wenzangu wengine hudhani kuficha jina kunatosha. La hasha! Chukua mfano huu niliouzua: "mwalimu mkuu wa kike, mjane, aliyejifungua mapacha akiwa na miaka 45." Jina halimo. Lakini katika tarafa nzima wako wangapi? Mtu hutambulikana kwa kazi yake, kwa idadi ya watoto wake, kwa namna alivyofiwa, hata kwa gari lake. Mambo hayo huachwa nje kabla kalamu haijagusa karatasi, si kufutwa baadaye. Ukiona somo halieleweki bila habari hizo, basi mahali pake ni katika faili, na likae huko.

Najua madhara ya kulipuuza hili. Katika shule moja niliyofundisha, daftari la mwalimu wa ushauri lilikaa katika droo isiyofungika. Kabla ya muhula kwisha, bweni zima lilijua ni msichana gani aliyekuwa mjamzito na nani alihusika. Msichana huyo hakufanya mtihani wake nasi. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, na aliandika vizuri sana.

Andika alivyosema

Sisi tulisomea kazi hii kwa Kiingereza. Wateja wetu huumia kwa Kiswahili, Kikamba, Kijaluo au Kikikuyu. Kati ya kinywa chao na kalamu yetu kuna daraja, na mengi hutumbukia majini.

Mtu anakuambia, "Moyo umekufa ganzi." Mwingine anasema, "Nina mawazo." Wa tatu anasema roho yamuuma, na wa nne kwamba amechoka na watu. Mshauri anachukua kalamu na kuwaandikia wote wanne neno moja la kitabuni la Kiingereza. Wiki ijayo anapolisoma faili, watu wanne wamegeuka mmoja.

Nilianza kuandika maneno ya mteja jinsi yalivyotoka, katika lugha aliyoyasemea, mstari mmoja au miwili, na neno la kitaalamu nikaliweka kando. Faida yake niliiona haraka. Ukimrudishia mtu neno lake mwenyewe, "Ule moyo uliokufa ganzi, wiki hii umeamka hata kidogo?", anajua kwamba alisikiwa. Na katika daftari langu la pili nilianza kukusanya misemo ya namna hiyo na maswali yaliyoifungua. Kwa mfano, nimejifunza kwamba anayesema ana mawazo, mara nyingi anazungumzia pesa au ndoa, lakini anayesema mawazo yanamla, yafaa umuulize kuhusu usingizi na chakula kabla ya lolote.

Wenzetu wa Zimbabwe walilitambua hili mapema. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench mwaka 2006 jijini Harare akiwa na akina nyanya 14, waliokaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Neno walilolitumia ni la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na nyanya hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sidhani neno hilo peke yake ndilo lililoponya watu, lakini sidhani pia kwamba wangekaa kwenye benchi kuzungumzia neno wasilolijua.

Kisanduku cha viatu

Kuandika ni nusu ya kazi. Nilijaza daftari la kwanza la kujifunzia, nikajaza la pili, nikayapanga rafuni kwa fahari. Kisha siku moja nikajikuta nikitoa leso ya karatasi mapema mno, kosa lile lile nililoliandika mwaka mmoja kabla. Somo lilikuwa rafuni, kichwani halikuwamo.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilichunguza jambo hili kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba saa moja tu baadaye zaidi ya nusu ya jasho lake la kukariri lilikuwa limepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Mambo yenye maana hayapotei upesi hivyo, lakini njia ni hiyo hiyo. Dawa yake ni kurudia kwa vipindi, kabla usahaulifu haujamaliza kazi.

Hapa ndipo kadi zinapoingia. Kila mwisho wa wiki nalipitia daftari na kuchagua jambo moja au mawili, si zaidi. Nakata kipande cha manila ukubwa wa kiganja. Upande mmoja naandika swali, upande wa pili jibu nililolipata kwa gharama. Kadi moja inauliza: "Mteja akinyamaza, ni nani anayeogopa, yeye au mimi?" Nyuma yake: "Mara nyingi ni mimi. Hesabu hadi ishirini." Nyingine inauliza: "Mwanamume akisema niko sawa tu, nimuulize nini?" Nyuma: "Si anavyojisikia. Uliza analala saa ngapi, na anaamka na wazo gani."

Kadi zinakaa katika kisanduku cha viatu chenye vyumba vitatu. Mpango huu si wangu. Sebastian Leitner aliueleza katika kitabu cha Kijerumani mwaka 1972, ingawa chake kina vyumba zaidi. Kadi mpya inakaa chumba cha kwanza, nayo huisoma kila siku. Nikijibu swali bila kugeuza, inahamia cha pili, ambacho hukipitia kila wiki, na baadaye cha tatu, cha kila mwezi. Nikishindwa, inarudi mwanzo, hata kama ilikuwa imefika mbali. Sharti ni kujaribu kujibu kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Kila mzazi aliyewahi kumwona mtoto wake amelalia kitabu kilichofunguliwa usiku wa mtihani atalielewa hilo.

Wako wanaokwenda mbali zaidi. Mwanasosholojia Niklas Luhmann wa Ujerumani alikusanya karibu kadi 90,000 katika uhai wake, kila moja ikielekeza kwa nyingine, na akaandika vitabu kwa makumi kutokana nazo. Mimi nina kadi mia tatu na ushei, nazo zanitosha. Nimeazima kwake jambo moja tu: chini ya kila kadi naandika inafanana na ipi. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba ile ya kunyamaza na ile ya leso ni somo moja. Zote mbili zinahusu mshauri asiyevumilia uchungu wa mwenzake.

Kubashiri kwa penseli

Liko zoezi jingine ambalo lilinifunza kuliko kadi zote, na ambalo bado linanitia aibu.

Kabla ya kikao, nikisha kusoma faili, naandika kwa penseli katika kipande cha karatasi ninachodhani kitatokea. "Nadhani amempigia babake simu." "Nadhani atasema hataki kuendelea." Baada ya kikao nalinganisha, nachukua somo ikiwa lipo, kisha nakichana kile kipande.

Miezi ya kwanza nilikosea zaidi ya nusu. Lakini faida haikuwa katika kuhesabu. Siku ya yule wa simu, nilipoambiwa hakupiga wala hana nia ya kupiga, niliudhika, na hasira hiyo ndiyo iliyonizindua. Hakuwa yeye aliyetaka kupatana na baba. Nilikuwa mimi, niliyemzika wangu bila kusemezana naye miaka mitatu. Bila ile karatasi ningeendelea kumsukuma mtu wa watu kuelekea msiba wangu.

Na kwa kuwa macho ya mshauri hudanganya, namuuliza mteja mwenyewe. Ile fomu ya maswali tisa iitwayo PHQ-9 ipo kwa Kiswahili. Inamuuliza mtu kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, uchovu na mengineyo, na alama zake ni kutoka 0 hadi 27. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Inajazwa kwa dakika chache. Haimjui mtu kama ninavyomjua, lakini haina kiburi. Mara mbili imeniambia hali inazidi kuwa mbaya wakati mimi nilikuwa nikijipongeza.

Mara moja kwa mwezi natoa kadi moja, ile inayonichoma zaidi, na kwenda nayo kwa msimamizi wangu wa kazi. Kila mshauri anapaswa kuwa na mtu kama huyo wa kumkosoa. Zamani nilikwenda kwake mikono mitupu na kumsimulia nilivyofanya vizuri.

Karatasi au kompyuta?

Vijana huniuliza kwa nini sitii haya yote katika simu. Wanaotaka watie, mradi tu wajue wanachofanya. Simu ya mama wengi humu nchini pia ndiyo televisheni ya watoto wake. Picha ya ukurasa wa faili ikipigwa, inaweza kwenda mahali pengi bila wewe kuipeleka. Na kuna mtindo umeingia wa kuzisomea programu za akili unde habari za mteja ili ziandike muhtasari. Kabla ya kufanya hivyo, jiulize maneno hayo yanakwenda kuhifadhiwa wapi, na kama mteja alikuruhusu.

Huko Ufini, kampuni ya tiba ya saikolojia iitwayo Vastaamo ilivunjiwa hifadhi yake ya kompyuta. Oktoba 2020 ilibainika kwamba kumbukumbu za takriban wagonjwa 33,000 zilikuwa mikononi mwa mhalifu, ambaye aliwaandikia wagonjwa wenyewe akidai pesa, la sivyo angeanika waliyowaambia wataalamu wao. Nyingine zilianikwa. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na Aprili 2024 mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka sita na miezi mitatu. Waliovuliwa nguo hadharani hakuna hukumu iliyowavisha.

Wewe unayekwenda kwa mshauri una haki ya kuuliza kabla ya kufungua moyo: unaandika nini kunihusu, kinakaa wapi, nani mwingine anakisoma, na nikitaka kukiona nitakiona? Mshauri mwema hataudhika. Akiudhika, umeokoa nauli ya kikao cha pili.

Faili zangu zimo katika kabati la chuma lenye kufuli. Madaftari ya kujifunzia na kile kisanduku viko nyumbani, maana humo hamna mtu ila mimi. Mke wangu amewahi kuzisoma kadi kadhaa, akacheka, akaniambia ile ya kunyamaza na kuhesabu hadi ishirini ingenifaa hata mezani.

Swali lililonisumbua mwisho ni la kifo. Nikiondoka ghafla, nani atalifungua kabati lile? Wanangu? Dalali wa kuuza vitu vya ofisi? Mwaka jana nilikubaliana na mwenzangu mmoja katika kazi hii. Nikifa yeye ndiye atakayewaarifu wateja wangu na kuzishughulikia faili zao kwa mujibu wa sheria, nami nitafanya vivyo hivyo kwake. Tuliandikishana na kutia sahihi. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa pili uko kwake, katika bahasha iliyofungwa kwa gundi.